Kura ya Shangazi Nahimana

Shangazi Nahimana hajawahi kupiga kura mahali popote duniani. Burundi alitoka mgongoni mwa mama yake. Tanzania alikulia kambini, na kambini kitu pekee unachopiga ni foleni. Hapa Durban ana karatasi ya ukimbizi ambayo kila ikikaribia kuisha anakwenda kuiombea muda wa nyongeza, na mwenye karatasi ya namna hiyo haruhusiwi kumchagua hata diwani wa kata yenye pipa la taka mbele ya mlango wake. Lakini mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mwanamke huyuhuyu, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye korido ya ghorofa ya saba, Albert Park, akitoa vichwa vya dagaa, aliwakosesha usingizi wagombea wawili wa umeya wa mji mmoja wa Marekani. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nililipwa dagaa.

Naitwa Rhoda, mzaliwa wa Tarime, na kabla hujauliza, ndiyo, hasira zangu ziko karibu. Kazi yangu iko Clairwood, kwenye ofisi ya malori, ambako kutwa nzima nagombana kwa Kiingereza na madereva waliopotelea bandarini na wenye mizigo wanaodhani lori lina mabawa. Nikirudi nyumbani nataka kuvua viatu na kunyamaza. Shangazi, ambaye tumepanga naye chumba na sebule, hajui kunyamaza. Simu yake inaamka kabla ya jogoo, kama jogoo wangeruhusiwa kwenye jengo lile.

Mji wenyewe unaitwa Otter Falls, yaani maporomoko ya fisi maji. Léonidas, mtoto wa kaka yake Shangazi, ameishi huko miaka kumi na saba na anasema hajaona fisi maji wala maporomoko. Kuna kiwanda cha kuchinja kuku, kuna duka la matrekta, kuna makanisa sita ambayo waumini wake hawasalimiani, na kuna reli inayoukata mji katikati. Walio juu ya reli wanapigia chama chekundu, walio chini ya reli wanapigia cha bluu. Ukitaka kujua mtu ni wa upande gani huna haja ya kumuuliza, unatazama anakunywa kahawa wapi. Wekundu wanakunywa kituo cha mafuta, wamesimama, kofia kichwani. Bluu wanakunywa maktaba, kwenye vikombe walivyotoka navyo nyumbani ili kuiokoa dunia. Wekundu walikuwa wamezidi kidogo tu, kwa hiyo meya alikuwa wao uchaguzi hadi uchaguzi, na mji ulishazoea hali hiyo kama watu wanavyozoea bomba linalovuja.

Halafu Warundi wakapata uraia. Walipelekwa huko kutoka kambi za Kigoma, wakachinja kuku, wakazaa, wakaapa mbele ya bendera, na siku moja mtu fulani wa chama akakaa na kalamu akagundua kwamba mtaa mmoja nyuma ya kiwanda una wapiga kura wa kutosha kuupindua mji. Sasa wanaegemea wapi hawa? Hakuna aliyejua. Kahawa hawanywi. Wanakunywa bia, na wanainywea nyumbani.

Basi wagombea wakaanza kubisha hodi. Wa wekundu alikuwa Steve, mwenye duka la matrekta. Wa bluu alikuwa Matilda, mwalimu mstaafu. Sasa, Mrundi hamwambii mgeni hapana mlangoni, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri atanielewa. Mtu ametoka kwake, amepita kwenye baridi, amebeba na keki, halafu umjibu hapana? Una roho gani? Steve akauliza kama wanamuunga mkono. Mtaa mzima ukajibu ndiyo, karibu sana. Akachomeka bango lake kwenye nyasi za kila nyumba. Kesho yake Matilda akauliza hivyohivyo. Mtaa mzima ukajibu ndiyo, karibu sana, naye akachomeka lake pembeni. Kila nyumba ikawa na mabango mawili, jekundu na la bluu, yamesimama bega kwa bega kama bibi na bwana harusi. Mzee mmoja aliipenda ile plastiki, akaomba mengine ya kuezekea banda la sungura, na pande zote mbili zikampa kwa furaha. Watu wa vyama walipita na magari polepole, wakapiga picha, wakarudi kwao kuumwa kichwa.

Mwisho Steve akambana Léonidas pale kiwandani. Bwana, kura zenu zinakwenda wapi? Léonidas, ambaye uongo wa zaidi ya siku moja humchosha, akasema ukweli.

"Tunamsubiri Shangazi aseme."

"Shangazi yako anakaa mtaa gani?"

"Durban," alisema Léonidas.

Habari ilipofika ghorofa ya saba, jengo zima lilicheka. Hapa kwetu lifti imekufa tangu mwaka juzi, mwenye nyumba hajulikani ana sura gani, na kila uchaguzi unapokaribia watu wenye vipaza sauti wanapita barabarani kutukumbusha tulikotoka. Halafu sisi ndio tumchagulie mzungu meya! Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito ni Gaël, Mkongo wa mlango wa tatu, fundi simu. Gaël ana faili lake la kuomba kwenda Marekani, limelala mahali fulani miaka mingi, na kwa sababu hiyo anaifuatilia siasa ya Marekani kuliko Wamarekani wenyewe.

"Tantine, sikia miye," alisema, amechuchumaa kando ya beseni la dagaa. "Iko bluu tu. Bale bekundu hawapendi batu ya inje. Bluu bakishinda, dossier yangu inatembea."

"Gaël, huyo ni meya," nilimwambia. "Kazi yake ni theluji na mbwa waliopotea. Dossier yako itapitia wapi hapo, kwenye trekta?"

"Dada Rhoda, politique hujui."

"Na dagaa zetu usile basi, mwanasiasa."

Lakini kabla hujamcheka Shangazi, nikwambie jambo moja. Mama yake Léonidas alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyembeba ni Shangazi, msichana mdogo tu wakati ule. Alimlea yeye na ndugu zake. Ilipofika zamu ya ile familia kupanda ndege, majina yalisomwa pale kambini kwa kipaza sauti: Ladislas, kaka yake, akaitwa, watoto wote wakaitwa, wake wa watoto wakaitwa. Nahimana hakuitwa. Alikuwa ameandikwa kwenye kadi ya mgao ya mumewe, na mume alikuwa ameshatoroka zamani na mwanamke mwingine. Kwa kadi ile, yeye hakuwa mtu wa Ladislas. Aliwafungia mizigo, akawasindikiza mpaka kwenye basi, kisha akageuka. Baadaye akashuka kusini, nchi baada ya nchi, mpaka akafika hapa kuuza dagaa na sombe, yaani kisamvu.

Tangu siku ile anaitawala familia kwa simu. Amewapa watoto wao majina. Amevunja uchumba mmoja kwa sababu kijana hakusalimia vizuri. Hakuna gari lililonunuliwa Otter Falls bila yeye kuonyeshwa matairi. Lakini siku za karibuni simu zilianza kupungua. Wajukuu wanasema "hi" halafu wanaikimbiza simu kwa mtu mwingine, na nilikuwa namwona anabaki ameishika, uso wa mtu aliyekatishwa sentensi.

"Rhoda mwanangu," aliniambia wiki ile, bila mzaha hata kidogo, "hii mambo ya kura kwangu si ya meya. Wakinisikia, bado mimi ni mtu wao. Wasiponisikia, mimi ni mzee tu anayemaliza bundle."

Nikaenda kumwekea chai.

Jumapili, sisi tumeshatoka kanisani na huko kwao ndiyo kwanza kunakucha, Steve akaingia kwenye simu. Alikuwa amekaa kwenye gari lake la mizigo, kofia kichwani, uso mwekundu kama chama chake. Alianza moja kwa moja na kodi. Shangazi akainua mkono wenye magamba ya samaki.

"Kwanza tusalimiane. Mimi sikulala naye, nijuaje ameamkaje?"

Nikatafsiri nusu. Steve akasema hajambo. Shangazi akamuuliza hali ya mke, ya watoto, ya baridi, ya matrekta. Kila jibu Steve alitaka kurudi kwenye kodi, kila mara Shangazi akampeleka mbali zaidi. Halafu akauliza mama yake yuko hai.

"Anasema yuko hai, yuko kwenye nyumba ya wazee."

"Nani anamwogesha?"

"Wafanyakazi."

Shangazi akanitazama mimi, utadhani ndiye niliyempeleka yule mama huko. Akatoa vichwa vya dagaa kadhaa, kisha akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo.

"Kaka yangu Ladislas alikufa hapo kwenu mwezi wa kwanza. Kwenye msiba ulikuja?"

Uso wa Steve ukang'aa. Ndiyo, alikuja! Alileta bakuli kubwa la makaroni ya jibini, mkewe alilipika mwenyewe.

"Makaroni tumeshukuru. Ulikaa?"

Hapo ikabidi nimfafanulie, maana kwa Kiingereza swali lile ni la mtu aliyechanganyikiwa. Steve akasema hakutaka kusumbua, alisimama mlangoni dakika chache.

"Koti ulivua?"

Steve akavua kofia, akajikuna. Akasema hakumbuki.

"Aliyevua koti anakumbuka," alisema Shangazi, "sababu wakati wa kuondoka analitafuta."

Hiyo niliitafsiri yote, na kwa raha zangu.

Matilda aliingia Jumapili iliyofuata. Alisema "Jambo", akaweka mkono kifuani, akaongea polepole kama anayemsomea mtoto mgonjwa. Sitaki kumsema vibaya. Watoto wengi wa mtaa ule yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Alisalimia vizuri kuliko Steve. Mama yake alimuuguza mwenyewe mpaka akafa, na hapo Shangazi alitikisa kichwa kwa heshima. Gaël, aliyekuwa amejibanza nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba mechi imekwisha.

"Msiba wa Ladislas," alisema Shangazi.

Matilda akasema alipeleka maua, na kadi yenye picha ya ndege.

"Wewe mwenyewe ulikuja?"

Macho ya Matilda yakalengwalengwa na machozi. Alitamani sana, lakini alitaka kuiachia familia nafasi.

"Nafasi ya nini?" Shangazi aliniuliza, amekunja uso kweli. "Nyumba ilijaa watu mpaka kwenye bafu. Nafasi ndiyo kitu hatukuwa na shida nayo! Mfiwa unamwachia nafasi, akaifanyie nini?"

Nilijaribu kulainisha, nikasema kwa Kiingereza kwamba Shangazi anashukuru kwa maua. Shangazi, ambaye anajua Kiingereza kuliko anavyojifanya, alinifinya.

Simu ilipokatika, Gaël alilalamika kwamba hiyo si njia ya kuchagua kiongozi. Iko programu, iko budget, iko diplomatie. Shangazi akamwambia kwamba viongozi wenye programu amewaona, ndio waliomfikisha kwenye korido hii. Mtu anajulikana kwenye msiba. Hapo hana hotuba, hana bango, hana cha kuahidi, kazi yake ni kukaa tu. Asiyeweza kukaa na wewe umefiwa, atakaa na wewe siku gani?

"Na wewe ulikaa," nilimwambia.

Maana nilikumbuka ile wiki. Kule waliiweka simu kwenye kiti sebuleni, wakaiegemeza kwenye chupa ya chai, ili Shangazi awaone na wao wamwone. Huku yeye alikaa chini kwenye mkeka, kitenge kichwani, macho kwenye kile kioo, juma zima. Meza yake ya dagaa hakuifungua. Kuimba aliimba nao, kulia alilia nao. Nilipika mimi, nikasafisha mimi, na nilinung'unika, sikatai.

"Ile si kukaa," alisema. Sauti yake ilishuka. "Ile ni kuangalia televisheni. Kaka yangu amezikwa, mimi niko Durban naangalia televisheni."

Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, Léonidas alipiga akiwa na nyumba nzima nyuma yake. Hali ilikuwa mbaya. Yeye mwenyewe alimtaka Matilda, aliyeahidi basi la kwenda kiwandani. Mkewe alimtaka Steve, aliyewapunguzia bei ya mashine ya kusukuma theluji. Vijana walitaka bluu, wazee walitaka wekundu kwa sababu wekundu wanamtaja Mungu mara nyingi zaidi. Mabango yalikuwa bado yamesimama mawili mawili, na watu waliokuwa wamechinja kuku pamoja miaka yote walianza kununiana.

"Shangazi, tupe jina," alisema Léonidas. "Ukisema, imekwisha."

Nikamwangalia. Jina lolote angelisema pale, lingekuwa meya. Mimi ningekuwa yeye ningedai kwanza sanamu pale kwenye reli. Yeye alijifuta mikono kwenye kitenge, taratibu.

"Jina sina," alisema. "Nawaambia hivi. Aliyekaa kwenye msiba wa kaka yangu, huyo mpigieni. Nyinyi mlikuwepo, mimi sikuwepo. Mnamjua."

Kule nikaona watu wanatazamana.

"Sawa, Shangazi," alisema Léonidas. "Tumesikia."

Alipokata, Shangazi alikuwa anachekelea. Mpango wake ulikuwa huu: kwa kuwa hakuna mgombea aliyekaa, mtaa mzima utabaki nyumbani siku ya kura, mji utashangaa, na mwakani mtu akifa, Steve na Matilda watagombania viti. Nilimwambia ni siasa ya hali ya juu. Gaël aliondoka bila kuaga.

Matokeo yalitufikia Jumatano asubuhi. Nilikuwa ofisini, dereva mmoja ananieleza kwa nini yuko Pinetown wakati mzigo wake uko Maydon Wharf, Gaël akapiga.

"Dada Rhoda, iko kazi! Steve amepita. Matilda ameanguka kwa kura kumi na tisa tu. Na iko mutu ya tatu!"

"Mtu wa tatu gani? Wagombea ni wawili."

Akanieleza. Kumbe karatasi ya kura ya kule ina mstari mtupu chini, na asiyemtaka yeyote anaandika jina la mtu wake mwenyewe. Kwenye ukurasa wa mji wameweka Steve, wakaweka Matilda, na chini yao: majina ya kuandikwa, kura hamsini na nane. Majina yenyewe hayakuwekwa. Lakini Otter Falls nzima, tangu reli ijengwe, haijawahi kupata hamsini na nane kwenye mstari ule. Hesabu ile ilikuwa ya mtaa mmoja tu.

Nilimpelekea Shangazi habari jioni. Aliniomba nisome tena. Halafu akakaa kwenye ndoo yake.

"Hawakubaki nyumbani," alisema.

"Hawakubaki."

"Walikuwa na mtu wao. Wamekula njama, wamempigia, na jina hawakuniambia." Akafikiri. "Itakuwa Léonidas mwenyewe. Anataka umeya. Mimi nilimpangusa kamasi yule, na jina hakuniambia."

Léonidas alipiga jioni ileile. Shangazi aliitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Ikalia tena. Akaizima, akaitumbukiza kwenye kopo la mchele, akafunika na mfuniko. Nakuapia, nimeishi na mwanamke huyu miaka sita, sijawahi kuona simu yake imezimwa. Alhamisi alikwenda kwenye meza yake, akauza, akarudi, akalala. Ijumaa vilevile. Wateja walimwambia dagaa wa leo wana mchanga, naye hakuwajibu, na hapo ndipo nilipoogopa. Mimi niliyekuwa naombea ukimya kila siku niliuchukia ule ukimya. Sebule ilikuwa kama ya watu wasiojuana.

Jumamosi nilimwambia aiwashe. Akasema mchele hauna haraka.

Jumapili Léonidas akanipigia mimi. Sikumuuliza Shangazi anataka au hataki. Nilipokea, nikaisimamisha simu yangu kwenye kopo lilelile la mchele, usoni kwake, nikazuia mlango kwa mwili. Sebule ya Léonidas ilikuwa imejaa, hata watoto walikuwepo, wamevaa nguo za kanisani.

"Shangazi, umekasirika?"

"Mimi ni nani nikasirike? Si mna meya wenu."

"Shangazi, tulifanya ulivyosema."

"Nilisema aliyekaa! Nani alikaa? Steve alisimama na koti kama kondakta. Yule mama alituma ndege ya karatasi. Nani alikaa?"

Léonidas aliigeuza simu, akapita nayo katikati ya watu, akaisimamisha. Tukaona kiti. Kiti cha kawaida cha mezani, kiko dirishani, na nyuma ya dirisha theluji ya kwanza. Juu ya kiti kuna chupa ya chai.

"Hapa," alisema sauti yake, yeye mwenyewe hatumwoni. "Juma zima. Sisi tulikuwa tunapokezana, wengine wanakwenda kazini, wengine wanalala. Tukirudi tunakukuta. Tukiamka tunakukuta. Kiti hatujakiondoa. Mke wangu anapangusa vumbi na kukirudisha palepale. Uliposema aliyekaa, hakuna hata aliyeuliza ni nani."

Shangazi akakiinamia kioo cha simu.

"Wote?" aliuliza.

"Wote. Wekundu kwa bluu. Wengine waliandika Nahimana, wengine Shangazi, karani akaniita kuuliza kama hao ni mtu mmoja. Nikamwapia. Na mwandishi wa gazeti alikuja kuuliza Warundi tunaegemea upande gani. Nikamwambia sisi hatuegemei, sisi tunakaa."

"Wajinga!" Shangazi aliinuka, ndoo ikabingirika. "Wajinga kabisa! Kura hamsini na nane mmezimwaga chooni! Basi la kiwanda mmelikosa! Mnampigia mtu hana hata visa! Rhoda, umesikia upumbavu huu? Mimi nimewalea watu wa namna hii?"

"Umewalea," nilisema.

Alitaka kuendelea kutukana, nilimwona anatafuta tusi, halikuja. Akakivuta kitenge, akakifunika usoni, mabega yakaanza kutikisika.

"Mimi nilidhani naangalia televisheni," alisema humo ndani ya kitenge.

Nililia na mimi, siwezi kuficha, na mimi silii ovyo. Kule nako watu wazima walikuwa wanapangusa macho kwa mikono ya nguo za Jumapili. Gaël, aliyekuwa amesimama mlangoni mwetu na redio ya mtu mkononi, alisema hii ndiyo démocratie, na kwa mara ya kwanza sikumjibu.

Kule hodi ikapigwa. Léonidas akaigeuza simu, tukamwona Steve mlangoni, bakuli la makaroni mikononi, theluji kwenye mabega. Amekuja kushukuru, au kuuliza kwa nini ameshinda, sidhani kama alikuwa anajua mwenyewe. Warundi wakamwambia ndiyo, karibu sana.

Shangazi akashusha kitenge. Macho yalikuwa bado mekundu lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ile ya matairi na uchumba.

"Rhoda, mwambie avue koti."

Nikamwambia. Steve akatazama huku na huku akitafuta sauti imetoka wapi, akaiona simu, akampa mtoto makaroni, akavua koti. Mtu akalipokea. Shangazi akasema na kofia. Steve akavua na kofia.

"Mwambie akae."

Viti vyote vilikuwa na watu. Steve akazungusha macho, akakiona kile cha dirishani, chenye chupa ya chai tu. Akakiendea, akainama kuitoa chupa ili akae.

"Mwambie hapo pana mtu," alisema Shangazi.

Nikamwambia. Steve akakiomba kiti radhi, akairudisha chupa, akakaa chini kwenye zulia pamoja na watoto.